Kokateli wangu hana dume lakini ametaga mayai 14 tangu mvua zianze. Nimfanyeje aache?

MamaZuu_Mwanga
Wakuu habari za jioni. Mwakeye wana Kigoma wenzangu.

Nina ndege aina ya kokateli, wale wenye kishungi kichwani na mashavu ya rangi ya chungwa. Binamu yangu alimnunua kwa mfugaji huko Dar akaniletea kwa treni akiwa kinda. Tukaambiwa ni dume, tukamwita Sultani. Miaka miwili na nusu Sultani ni Sultani, mpaka mvua za kwanza za Novemba hii, Sultani akataga.

Siku hiyo tulicheka mpaka machozi. Sasa hatucheki tena. Leo katoa yai la 14. Anataga leo, kesho anapumzika, keshokutwa tena. Mimi kila nikilikuta nalitoa nalitupa, maana hana dume na yai halina faida. Nilidhani akiona hayapo atakata tamaa, kumbe ndiyo kwanza anakazana. Amekuwa mkali, anang'ata, nikimfungulia anakimbilia chini ya kabati la vyombo na hataki kutoka. Wiki hii nimemshika nikasikia mfupa wa kifua umechongoka, nyama imeisha.

Anakula mtama, alizeti, wali uliobaki, na chikichi za kuchemsha ambazo anazipenda kuliko roho yake. Tundu liko sebuleni. Mtu pekee asiyemng'ata ni Baba Zuu.

Je, kuna sindano ya kumfungia uzazi? Jirani kanishauri nimtumbukize kwenye ndoo ya maji baridi kama kuku anayeatamia. Naomba wajuzi. Na wale wa "mchinje tu" naomba mpite kimya kimya.

Mrina_Asali_TBR
Mchinje tu.

MamaZuu_Mwanga
Nilijua tu lazima atokee mmoja, na lazima atoke Tabora.

NjiwaZaUjiji
Mama Zuu, achana na huyo. Kosa lako liko kwenye neno moja: "nalitoa".

Mimi nafuga njiwa tangu nasoma shule ya msingi. Ndege wa namna hii hatagi kwa kuhesabu siku, anataga mpaka tumbo lake lihisi mayai yanatosha pale anapolalia. Kokateli kwa kawaida anataka kama manne mpaka sita, halafu anafunga duka anaatamia. Wewe kila akiweka moja unaondoa, kwa hiyo kwake hesabu haijafika hata mbili. Ataendelea kujaza kiota kisichojaa mpaka aishiwe nguvu.

Hata bibi zetu walijua hili. Ukienda kuokota mayai ya kuku wa kienyeji unaambiwa umwachie moja kiotani. Kuku akiachiwa moja anarudi pale pale kutaga, yakiachwa yote anaatamia na kuacha kutaga. Wewe umefanya ya mwenye kuku anayetaka mayai mengi, wakati unataka yasiwepo.

Njiwa hutaga mawili na huatamia siku kama 18. Zamani banda likijaa nilikuwa natupa mayai, na jike linataga mengine siku chache baadaye. Nikaona majike yanachakaa, manyoya hayana mng'ao. Siku hizi nachukua yai la siku hiyo hiyo, nalichemsha, linapoa, nalirudisha. Analalia weee mpaka anachoka mwenyewe, anaondoka. Hakuna kifaranga, na jike limepumzika karibu wiki tatu.

Kwa hiyo: usitoe tena hata moja. Acha alalie. Kokateli huatamia siku 18 hadi 21, wengine wabishi wanapitiliza. Ukiona ameyapa mgongo siku mbili tatu mfululizo hayagusi, hapo ndipo unayaondoa yote kwa mpigo.

MamaZuu_Mwanga
Mzee wangu mayai yote nimeshatupa! Nimebaki na la leo tu. Hayo mengine nayapata wapi?

fundi_kibirizi
Gololi. Zile kubwa, nyeupe kama utapata. Yai la kokateli ni kama sentimita mbili na nusu kwa urefu, haijapishana sana. Au chonga mti laini upige msasa, usipake rangi. Ziweke tano pamoja na lile moja halisi.

NjiwaZaUjiji
Hapo sawa kabisa. Usiku azikute zipo, asubuhi ataamini ni zake. Ndege hana risiti.

Layers_Kasulu
Nimesoma uzi nikacheka kidogo, samahani dada. Mimi nafuga kuku wa mayai na kazi yangu ya kila siku ni kinyume cha unachotaka, kwa hiyo niulize mimi.

Unajua sisi tunawafanyaje kuku watage kwa wingi? Taa. Mwanga wa kutwa kama saa 16, chakula kizuri kisichokatika, sehemu tulivu yenye giza kidogo ya kutagia, na kuokota mayai kila siku. Basi. Mwanga kwa ndege hauishii machoni, unapenya fuvu mpaka kwenye ubongo na kuamsha homoni za uzazi. Akiona siku ndefu mwili unasema msimu umefika.

Huku kwetu jua halina maneno mengi, linatoka karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni, mwaka mzima tofauti ni nusu saa tu na ushee. Kwa hiyo siku ndefu za ndege wako hazitoki juani. Sebuleni kwenu taa na TV mnazima saa ngapi?

MamaZuu_Mwanga
Saa tano na nusu. Siku za mpira saa sita na kitu. Baba Zuu hakosi mechi.

Layers_Kasulu
Saa moja asubuhi mpaka saa tano na nusu usiku ni saa kumi na sita na nusu. Ongeza chikichi na wali, ongeza giza la chini ya kabati, ongeza wewe unayeokota mayai. Dada umeendesha banda la layers bila kujua. Kuku mmoja tu, lakini usimamizi wake safi kabisa.

Mrina_Asali_TBR
Nimefuta kauli yangu ya kwanza. Huu uzi una madini, nakaa hapa pembeni.

mwanafunzi_wa_mifugo
Salamu kwenu wote. Niko mwaka wa nne, bado sijawa daktari, kwa hiyo mchukulie ninachosema kama cha mwanafunzi. Mzee wa njiwa na mwenye layers wamegusa sehemu kubwa. Nina swali moja kwa Mama Zuu ambalo naona hakuna aliyeuliza, na naomba Baba Zuu asinielewe vibaya.

Huyo ndege Baba Zuu anamshikaje?

MamaZuu_Mwanga
Anamweka begani au mapajani wakati wa mpira, anampapasa mgongo mpaka mkiani. Ndege anatulia kabisa, anainama, ananyanyua mkia, anatoa kasauti ka chini chini. Tulidhani anasikia raha.

mwanafunzi_wa_mifugo
Anasikia raha, ndiyo. Ile ndiyo jike anavyomkubali dume.

Kwa kokateli na kasuku kwa jumla, mgongo, chini ya mabawa na kuzunguka mkia ni sehemu za mwenzi wake. Baba Zuu kwa nia njema kabisa amekuwa akimchumbia kila jioni kuanzia taarifa ya habari mpaka dakika za nyongeza. Ndege anayepata mume, siku ndefu, chakula kinono na pango chini ya kabati angeacha kutaga kwa sababu gani?

Amguse kichwa na shingo tu. Akianza kuinama na kunyanyua mkia, amrudishe kwenye kijiti bila kumkemea, wafanye jambo lingine.

Kuhusu kuanza na mvua. Kokateli asili yao ni bara kavu la Australia, huko hawana msimu wa tarehe maalumu. Mvua ikinyesha, majani yakitoa mbegu mbichi, wanazaana haraka kabla ukame haujarudi. Ndege wako hajawahi kuiona Australia lakini mwili wake unakumbuka. Mvua za Novemba zinapiga bati, hewa imebadilika, na bakuli lina wali laini na chikichi zenye mafuta. Kama huwa unamnyunyizia maji kila siku, punguza kwa sasa.

NjiwaZaUjiji
Dakika za nyongeza hapo nimecheka mpaka mke wangu kauliza kuna nini.

MamaZuu_Mwanga
Nimemsomea Baba Zuu. Amenyamaza kidogo, akasema "mimi nilikuwa namfariji tu timu ikifungwa".

kijana_gungu
Mimi naona mnamtesa kiumbe. Ni maumbile. Mtafutieni dume azae, mambo yaishe.

Layers_Kasulu
Hayaishi, kijana. Ukimletea dume unaongeza sababu nyingine ya kutaga. Na ndege aliyekonda hivyo ukimpa na vifaranga wa kulisha ndio unammaliza. Piga hesabu hii: kokateli ana kama gramu 90, yai lake gramu tano na nusu hivi. Ni sawa na mama wa kilo 60 ajifungue mtoto wa kilo tatu na nusu, kila baada ya siku mbili, mara kumi na nne.

kijana_gungu
Duh. Nimeelewa.

Bi_Isevya
Mwangaluka jamani, niko Tabora mjini. Nimesita kuandika lakini naandika ili Mama Zuu asipite nilikopita.

Nilikuwa na lavubedi, wale kasuku wadogo wa kijani wenye uso mwekundu. Na yeye alikuwa anataga hovyo, mimi naye nikawa natoa. Siku moja asubuhi nikamkuta chini ya tundu, si kwenye kijiti. Kajifutua manyoya kama mpira, miguu kaipanua, mkia unapanda na kushuka kila akivuta pumzi, anajikamua na hakuna kinachotoka. Nikaenda duka moja la dawa za mifugo, nikaelezea, nikauziwa unga wa antibayotiki wa kuchanganya na maji. Jirani naye kanambia nimpake mawese nyuma yai liteleze. Nikafanya vyote viwili. Manyoya yakaloa mafuta yakagandana, akaanza kutetemeka kwa baridi. Nikajaribu kumminya kidogo tumboni, Mungu anisamehe. Hakufika alfajiri.

Baadaye ndipo nikaelezwa kwamba yai lilikwama, na kwamba lilikwama kwa sababu kalsiamu ilikuwa imeisha mwilini. Hakuwa mgonjwa wa kitu cha antibayotiki.

MamaZuu_Mwanga
Pole sana Bi Isevya. Nimesoma mara mbili. Wangu bado anakaa kijitini lakini sasa naogopa.

mwanafunzi_wa_mifugo
Pole mama, na asante kwa kuandika.

Alichoeleza ndicho hasa kinachoua ndege wanaotaga mfululizo. Ganda la yai ni kalsiamu, na asipoipata kwenye chakula anaichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Ikipungua sana, misuli ya kusukuma yai inakosa nguvu, ganda linatoka laini, yai linasimama njiani. Wengine wanapata degedege, wengine mfupa unavunjika kwa kuruka tu.

Ukiona dalili hizo, hiyo ni dharura ya saa, si ya siku. Mweke kwenye boksi dogo penye joto, nyuzi 30 hivi, na unyevu hewani, kwa mfano bakuli la maji ya moto lililofunikwa pembeni asipoweza kuliingia. Mpunguzie makelele, halafu daktari wa mifugo mara moja. Usiminye. Yai likipasukia ndani hali inakuwa mbaya zaidi. Usipake mafuta, manyoya ndiyo blanketi lake.

Kinga yake leo hii: maganda ya mayai ya kuku. Yachemshe dakika kumi, yakauke, yatwange, yaweke kwenye kifuniko kidogo ndani ya tundu achukue mwenyewe. Watu wa pwani wanatumia mfupa wa dome, ule mweupe unaookotwa ufukweni, lakini ziwa letu la Tanganyika halina dome. Na atolewe juani asubuhi, ndani ya tundu, upande mmoja uwe na kivuli. Bila jua hatengenezi vitamini D, na bila hiyo kalsiamu haiingii. Jua la kupitia kioo cha dirisha halisaidii.

fundi_kibirizi
Chokaa je? Ninayo mfuko mzima.

mwanafunzi_wa_mifugo
Ya kupaka ukutani? Hapana! Itamchoma koo.

Layers_Kasulu
Fundi bakia kwenye gololi.

MamaZuu_Mwanga
Chakula sasa. Nikate chikichi kabisa? Amekonda, naogopa kumnyima.

mwanafunzi_wa_mifugo
Usimnyime chakula hata siku moja, ndege aliyekonda anayetaga hafungishwi. Badilisha aina. Chikichi na wali laini acha kabisa kwa sasa, alizeti iwe punje chache za kumzawadia. Msingi uwe mtama, uwele, ulezi, na mboga za majani kila siku. Sukuma wiki ni bora kuliko mchicha kwa kazi hii, maana mchicha una asidi inayoifunga kalsiamu. Yai la kuku lililochemshwa mpe kidogo mpaka nyama ya kifua irudi, halafu punguza. Chakula kingine kifiche kwenye karatasi au gunzi la mahindi akitafute mwenyewe. Ndege mwenye kazi hawazi uzazi kutwa nzima.

Mizani ya jikoni kama unayo, mpime kila asubuhi kabla hajala, uandike.

NjiwaZaUjiji
Na kwa kuwa tuko Kigoma niseme hili kabla halijatokea: PARACHICHI NI SUMU kwa ndege hawa. Najua mti uko uani na yanaoza chini. Usimpe hata kipande, hata ganda.

MamaZuu_Mwanga
Yesu wangu. Hajawahi kula, lakini juzi tu Zuu alitaka kumpa.

mwanakasulu2
Na ile ya maji baridi? Kwetu kuku wanaoatamia tunawachovya na wanaacha.

Layers_Kasulu
Kuku ana kilo mbili na manyoya ya kutosha, na hata huyo mimi simchovyi, namweka kwenye kizimba cha sakafu ya waya hewa ipite chini, siku tatu nne anasahau. Huyu wa gramu 90, kakonda, kalsiamu haipo, umtumbukize ndooni? Halafu shida ya kuku wako ni kuatamia, ya huyu ni kutaga. Huyu tunamtaka aatamie.

kasuku_wa_babu
Naomba kuchomekea. Babu ameacha kasuku wa kijivu mkia mwekundu, aliletwa kutoka ng'ambo ya ziwa miaka mingi. Naye ametaga mawili. Ushauri ni huu huu?

mwanafunzi_wa_mifugo
Kwa kutaga, ndiyo: mwanga, giza, mgongo, mayai yabaki. Ila kasuku wa kijivu ana udhaifu wa kalsiamu kuliko wengine, kwa hiyo usicheleweshe maganda na jua. Jambo la pili ni karatasi. Huyo yuko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini kutoweka, tangu Januari 2017, na sheria yetu ya wanyamapori ya 2009 inataka kibali cha kumiliki. Nenda ofisi ya wanyamapori ueleze umemrithi. Kokateli wa Mama Zuu ni wa kigeni aliyezaliwa kwa mfugaji, habari yake tofauti.

kasuku_wa_babu
Asante, nitakwenda. Wakinishika nitawataja wote humu.

MamaZuu_Mwanga
Hakuna aliyenijibu la sindano.

mwanafunzi_wa_mifugo
Zipo. Nje wanatumia dawa za homoni, leuprolide kwa sindano, au deslorelin, kidonge kidogo kinachopandikizwa chini ya ngozi na kuzima homoni kwa miezi kadhaa. Pia kuna upasuaji wa kuondoa mrija wa mayai, ambao kwa ndege mdogo ni hatari. Ukitaka kwenda njia hiyo ulizia hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pale Morogoro kabla ya kupanda treni. Lakini hata akidungwa, ukirudi nyumbani taa ikawaka mpaka saa sita na Baba Zuu akaendelea, dawa ikiisha mayai yanarudi. Anza na la bure.

MamaZuu_Mwanga
Sawa. Ninachofanya kuanzia leo: tundu linahamia chumba cha Zuu, maana sebuleni hata nikilifunika kanga makelele ya mpira yatamweka macho. Saa moja jioni giza, saa moja asubuhi nafunua. Chini ya kabati nimeziba kwa ubao. Kioo chake kidogo nimekitoa, maana nacho alikuwa anakilisha chakula. Gololi tano nimepata sokoni.

Nitarudi kuwaambia.

MamaZuu_Mwanga *(siku ya 9)*
Alitaga mawili zaidi baada ya pale, siku ya kwanza na ya tatu. Tangu hapo kimya. Anazilalia gololi kama mama mzazi, akitoka ni kula na kunywa dakika chache anarudi. Nikipita karibu ananipigia miluzi ya hasira. Gramu 81 siku ya kwanza, leo 84. Maganda anayagugumia.

NjiwaZaUjiji
Hapo umempata. Usimsumbue.

Bi_Isevya
Alhamdulillah.

MamaZuu_Mwanga *(siku ya 26)*
Wakuu, jana na juzi hakuzigusa. Leo nimemkuta kazisukumia pembeni anatafuna gunzi. Nimezitoa zote Zuu akiwa amembeba chumba kingine, nikahamisha vijiti na bakuli ili pasifanane na pale alipokuwa kaweka kiota. Gramu 90.

mwanafunzi_wa_mifugo
Safi sana. Gololi usizitupe. Akitaga tena, zirudishe siku hiyo hiyo.

MamaZuu_Mwanga *(mwezi wa tatu)*
Mvua bado zinanyesha na Sultani hana yai. Hang'ati tena, mimi namkuna shingo na anafumba macho.

Mwenye shida sasa ni Baba Zuu. Analalamika kwamba ndege kabadilika, hamwinamii tena, akimwita anamwangalia tu. Jana timu yake imefungwa mbili bila, akaenda mlango wa chumba cha Zuu saa tatu usiku, akasimama pale gizani kidogo, akarudi. Nimemwambia paka yupo.

Mrina_Asali_TBR
Naomba picha ya paka.